Funga Mlango, Twende

Msasa ulimwishia Demetria jua likiwa limeshaegemea vilima vya Goba. Alikuwa amebakiza ubavu mmoja wa bodi ya pikapu, ule wa upande wa abiria, akaona hawezi kulala na kazi nusu. Akajifunga khanga juu ya suruali yake ya kazi, akateremka hadi duka la vifaa vya ujenzi, akachukua msasa na kopo la praima, ile rangi ya kutangulizia, akaanza kupanda kilima kurudi nyumbani. Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizikia. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Alipofungua geti alisikia mtu anakohoa ndani ya pikapu.

Kikohozi kidogo tu. Cha kusafisha koo.

Akasimama. Binti yake, Hope, alikuwa chuoni, na humo nyumbani hawakuishi wengine. Chini ya kibanda cha mabati ile Pijo 404 ilikaa juu ya magogo kama siku zote, bila magurudumu, bila taa, bila hata injini. Injini ilikuwa kwa fundi Nikodemu kule Mbagala, imefunguliwa vipande vipande.

Halafu harufu ikamfikia... kahawa. Si ya kunywa. Ile ya kutafuna, buni kavu ambazo Wahaya huweka mdomoni na kuzungumza nazo. Marehemu mumewe hakuzikosa mfukoni.

"Umechelewa," sauti ikasema kwa Kihaya kutoka gizani. "Lete huo msasa."

Kopo la praima likamponyoka.

Mwanamke mwingine angekimbia. Demetria aliingia ndani ya gari.

Na ni nani wa kumlaumu? Ansbert, mumewe, alikuwa karani bandarini, na tangu alipostaafu hakuwa na wimbo mwingine ila hiyo pikapu. Aliinunua kwa Bwana Firoz, mfanyabiashara wa Kinondoni, ambaye kwao ilikuwa imelala miaka mingi chini ya turubai. Hakutaka ipelekwe gereji. Alitaka kuifufua nyumbani, kwa mikono yake, mkewe akimshikia spana. Wakabishana rangi mwezi mzima: yeye kijani, Demetria rangi ya maziwa. Wakakubaliana kijani chini, maziwa juu. Bodi ya nyuma akaitengeneza upya kwa mbao za mninga. Siti ya mbele, ile moja ndefu, akaivisha ngozi ya kahawia, akasema, "Hapa utalala begani kwangu mpaka Bukoba."

Asubuhi moja presha ikamwangusha jikoni, chai ikiwa bado inatoa moshi. Bukoba alikwenda kweli, lakini ndani ya jeneza.

Demetria aliapa kuimalizia ile pikapu na kwenda nayo Bukoba kwenye misa ya kutimiza mwaka wa kifo chake. Alijifunza kupiga msasa, kuziba kutu, kupaka rangi. Majirani walimwona shujaa. Hawakujua kwamba alikuwa hawezi kukaa ndani ya nyumba, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno.

Sasa kimya kilikuwa kimevunjika.

Kila magharibi aliketi upande wa abiria. Upande wa dereva hapakuonekana mtu. Lakini ngozi ya siti ilibonyea taratibu, kama inavyobonyea mtu mzito anapokaa, na sauti ikaanza kuzungumza. Ilimwita Deme. Ilimuuliza habari za Hope. Ilicheka kile kicheko cha puani. Na kila mara, mwishoni, ilisema jambo lile lile kwa upole...

"Funga mlango, twende."

"Vitasa si uliving'oa mwenyewe? Vilikuwa vimeoza."

"Basi weka vingine, Deme. Nimechoka kusubiri."

Demetria akaacha kwenda kwenye sala za jumuiya. Akaacha kupika. Mashavu yakamwisha, shingo ikawa mishipa mitupu. Jioni moja Hope alimkuta garini, kichwa amekiinamisha upande, anacheka.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na baba yako. Njoo umsalimie."

Binti alipanda, akakaa katikati, akasikiliza.

"Mama, mie sisikii mtu. Nasikia baridi tu." Akamshika mama yake mkono. "Mama yangu, tuliuze hili gari. Nakuomba. Nimeshazika mmoja."

Demetria alimtazama mwanawe kama anayemzuia njia.

Vitasa vipya vililetwa na bodaboda kutoka kwa Nikodemu. Cha dereva alikifunga upesi, hakikumpa shida. Alipofungua kava ya mlango wa abiria, mkono wake ukagusa kitu laini kilichobanwa ndani, nyuma ya bati. Akakivuta.

Kilikuwa kitambaa chekundu, kimeshonwa pande zote, kikubwa kama ngumi. Kilikuwa na unyevu. Kilinuka tope la pwani, na katikati ya mshono zilichungulia nywele nyeusi, zimefungwa kwa uzi.

Akampigia Bwana Firoz.

Akamweleza alichokikuta.

"Dada, usikifungue," Firoz akanong'ona. "Usikichome. Kirudishe kilipokuwa, mie nitakuja na mtu anayejua mambo haya. Na tafadhali... mama yangu asijue gari liko wapi."

Demetria akakirudisha. Lakini kitasa alikifunga hata hivyo. Akaujaribu mlango.

Kwa!

Ulifunga vizuri kabisa.

Kesho yake, jua likizama, bajaji ilipanda kilima ikihema na kusimama getini. Akashuka bibi wa Kihindi, mwembamba, amejitanda mtandio mweusi, fimbo mkononi. Hope ndiye aliyemfungulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi Dolat, mama yake Firoz. Nilimsikia kwenye simu akimwelekeza mtu njia ya kuja hapa. Mama yako yuko garini, siyo?"

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja hadi kibandani, akaweka kiganja juu ya boneti, akaipapasa kama anayepapasa kichwa cha mtoto mwenye homa. Machozi yakamtiririka bila sauti.

"Umelipendezesha," akamwambia Demetria, aliyekuwa amekaa na mlango wazi. "Mwanangu angefurahi."

"Mwanao yupi, mama?"

"Sibtain. Kitinda mimba wangu. Alikwenda nalo Kimbiji kutazama shamba letu la minazi. Likakutwa njiani, injini inaunguruma, milango imefungwa. Yeye hayumo. Hata kiatu hawakuona. Sikupata cha kuzika, binti yangu."

Akavuta pumzi.

"Watu wakanipeleka kwa mganga, huko huko. Nikamwambia sitaki mali, sitaki kisasi. Nataka sauti yake tu. Akaniuliza mara mbili, 'Sauti tu?' Nikasema, sauti tu. Nikampa nywele zilizobaki kwenye kitana chake."

"Na akakupa?"

"Akanipa. Kila magharibi nikikaa humu, Sibtain alizungumza nami. Firoz akaona naisha kama mshumaa. Nilipolazwa hospitali, akaliuza. Nimekuja kumsikia mwanangu mara moja, basi."

Demetria alimgeukia.

"Mama... mie humu namsikia mume wangu."

Wakatazamana.

"Mumeo?" Dolat akauliza polepole.

"Ansbert. Harufu yake pia. Kahawa."

"Hapana, binti yangu. Humu mnanuka yasmini. Mafuta ya nywele ya Sibtain."

Hope, aliyekuwa nyuma yao, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, toka humo."

Lakini Dolat alikwishapanda. Alimpita Demetria magotini, akaketi katikati ya siti, karibu na usukani. Giza lilikuwa limeingia. Mtaa mzima ulitulia, hata mbwa wa jirani walinyamaza.

Ngozi ya siti ikabonyea.

Taratibu...

Demetria akanusa kahawa. Pembeni yake akamsikia bibi akivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyefika nyumbani.

Sauti ikasema neno.

Wote wawili wakashtuka kwa pamoja.

"Umemsikia?" Demetria akanong'ona. "Mume wangu. Kasema kwa Kihaya."

"Ni Sibtain," Dolat akanong'ona. "Kasema kwa Kikachi. Lugha yetu ya nyumbani."

"Kasema nini?"

Na wakajibu kwa mkupuo mmoja, midomo yao ikitoa maneno yale yale:

"Funga mlango, twende."

Hapo ndipo moyo wa Demetria ulipovunjika mara ya pili, na pengine mara hii vibaya zaidi. Maana alielewa. Wanaume wawili hawawezi kukaa kwenye nafasi ya mtu mmoja. Aliyekuwa pale hakuwa Ansbert, wala hakuwa Sibtain. Kilikuwa kitu kimoja, kisicho na sauti yake chenyewe, kilichojifunza kuita watu kwa yale wanayoyalilia. Jioni zote zile alikuwa amelaza kichwa begani kwa kitu hicho.

Hope akamvuta mkono. Demetria akajikuta chini, magoti kwenye kokoto.

"Mama Dolat! Shuka! Si yeye! Si mwanao!"

Bibi alimgeukia. Uso wake ulikuwa mtulivu, wenye huruma kidogo, kama wa mtu mzima anayeambiwa na mtoto jambo analolijua siku nyingi.

"Najua si yeye," akasema. "Nimejua miaka yote. Lakini niambie, binti yangu, nani mwingine ananiita mama kwa sauti ile?"

Akajisogeza, akanyoosha mkono mkavu.

Akauvuta mlango.

Kwa!

Vioo vikaingia ukungu papo hapo, kwa ndani, kana kwamba watu wengi wamepumua kwa pamoja. Demetria akaurukia mlango. Kitasa alichokifunga mwenyewe kikakataa. Hope akazungukia upande wa pili, nao ukakataa. Na chini ya boneti, mahali ambapo hapakuwa na injini, kitu kikaanza kuunguruma...

Gari lilitetemeka juu ya magogo. Demetria akaokota spana, akapiga kioo. Mara ya kwanza hakikuvunjika. Alipiga akilia, akikitukana kile kitu kwa Kihaya, akimwita bibi wa watu ambaye hakumjua hata saa moja.

Kioo kikapasuka.

Kimya.

Hewa ya ndani ikatoka, baridi, inanuka tope la pwani. Hakukuwa na kahawa wala yasmini.

Dolat alikuwa amekaa katikati ya siti, macho amefumba. Alikuwa amekwisha. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande wa dereva, kimetua hewani, kama kilichoegemea bega la mtu. Hapakuwa na chochote cha kukizuia. Lakini hakikuanguka. Kilibaki hivyo mpaka Hope alipomgusa mkono, ndipo mwili wote ukalegea.

Firoz alikuja usiku huo huo na ndugu zake. Daktari alisema moyo, na umri wake ulikuwa umri wa moyo kusimama, hivyo hakuna aliyeulizwa zaidi. Kabla ya kuondoka Firoz alisimama mbele ya pikapu, kijani chini, maziwa juu, mbao za mninga zikimetameta kwa mwanga wa tochi.

"Nimepoteza wawili ndani ya gari moja," akasema. "Dada, likatwe."

"Litakatwa, kaka."

Wakataji vyuma walikuja wiki hiyo na mitungi yao ya gesi. Demetria alisimama kibarazani, Hope amemshika kiuno. Moto ulipogusa bodi, ile sauti ikaanza.

"Deme, wanafanya nini? Deme, wazuie. Naumia."

Aliuma khanga. Alijua si yeye. Alijua kama anavyolijua jina lake. Lakini jaribu wewe kusimama na kumsikiliza mtu wako akikuomba msaada, kwa sauti ile ile iliyokuomba uchumba, nawe usisogeze mguu. Sauti iliita mpaka kipande cha mwisho. Mwishoni haikusema neno, ililia tu. Wakataji waliendelea na kazi wakipiga soga zao.

Kava ya mlango wa abiria aliomba ifunguliwe mbele ya macho yake. Kile kitambaa chekundu hakikuwamo.

Siku chache baadaye, Hope alimkuta mama yake kitandani, ameuelekea ukuta. Akaketi pembeni, akatoa simu.

"Mama, mie nimehifadhi sauti za baba. Zile alizokuwa ananitumia nikiwa bwenini. Sikiliza uipate sauti yake ya kweli, uisahau ile nyingine."

Akabonyeza.

Sauti ya mwanamume ikajaa chumba. Inamuuliza binti yake kama amekula. Inacheka. Inasema mama yako hapa ananigombeza kwa ajili ya rangi, mwambie kijani ndiyo rangi ya gari. Hope alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja.

Demetria alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba irudiwe. Akafumba macho, akatafuta... akatafuta.

Hakuijua ile sauti; kichwani mwake ilikuwa imebaki ile ya garini tu. Ilikuwa nzito mno, na kicheko chake kilikuwa cha mtu mwingine. Ilikuwa sauti ya mwanamume fulani, mgeni kabisa, ambaye hajawahi kuishi naye hata siku moja.

"Si ndiye, mama?" Hope akauliza, akimfuta machozi. "Si baba huyo?"

Demetria alimtazama mwanawe, aliyebaki peke yake na kumbukumbu zake.

"Ndiye," akadanganya. "Weka tena."