Jicho la Kushoto Niwekee Mimi

Nyumba yetu iko kwenye mtaa ulionyooka, mlango wa tatu kutoka kona ya chini. Chumba cha mbele ndicho mahali pangu pa kazi. Mimi ni fundi wa kushona. Kuna cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja, na kiti cha Mama karibu na dirisha. Kila asubuhi Mama hukaa hapo na chai yake, akasikiliza cherehani na kuniambia mshono umekwenda upande. Anajua kwa mlio tu.

Kabla ya kustaafu, Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shule. Alipiga chapa barua za watu kwa miaka thelathini, na kosa la herufi moja halikumpita. Alituzaa wawili, wasichana watupu. Mimi nilirithi mikono yake. Dada yangu alirithi maneno yake, akaenda nayo mbali.

Dada ni mwanadiplomasia. Maana yake ni kwamba anaisemea nchi yake katika nchi za watu. Alianza chini kabisa, karani wa masjala katika wizara ya mambo ya nje. Kazi yake ilikuwa kupanga mafaili na kuyapa namba. Akasoma jioni, akafanya mtihani, akapelekwa ubalozini kuwa katibu wa tatu. Tangu hapo amepanda ngazi moja moja, na kila ngazi ilikuwa nchi nyingine. Miaka minne huku, miaka minne kule. Wakati mmoja alikaa kutwa mlangoni kwa tajiri fulani mpaka akarudishiwa pasi ya kusafiria ya mfanyakazi wa ndani aliyenyang'anywa. Siku nyingine aliingia mkutanoni kama kiongozi wa ujumbe. Mwenyeji akampita na kumpa mkono karani wake, kwa sababu karani ni mwanamume. Dada alikwenda akaketi kiti cha katikati, akafungua faili, akamsubiri mwenyeji amalize kusalimia. Mume hana. Ukimuuliza anasema kila akianza kumzoea mtu, wizara inamhamisha.

Simu tunayo, lakini Mama alitaka barua. Alisema maneno ya simu hayaingii kwenye faili. Kwa hiyo Dada aliandika kwa mkono, na juu ya kila barua aliweka namba, kama alivyozoea masjala. Mama akijibu alianza hivi: "Barua yako namba arobaini na moja imefika." Kisha aliitoboa na kuifunga katika faili lake la bluu. Hivyo ndivyo mama na mwanawe walivyopendana kwa miaka yote hiyo.

Barua namba hamsini na nane ilipofika, Mama alinipa mimi.

"Nisomee," aliniambia. "Mikono yangu ina unga."

Mikono yake haikuwa na unga wowote. Nilimsomea. Namba hamsini na tisa nayo nikamsomea, maana miwani ilikuwa imepotea. Miwani ilikuwa kichwani kwake. Mwishowe alinieleza ukweli. Alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye dirisha la jikoni lenye mvuke. Alikuwa amenunua dawa ya matone dukani, akaitia, na haikusaidia kitu. Akaniapisha nisimwambie Dada, kwa sababu mwenzetu ana nchi nzima mabegani na sisi tusimwongezee mzigo.

Nilikubali. Tangu siku hiyo majibu yote niliyaandika mimi, na Dada alipouliza kuhusu mwandiko nilimwambia vidole vya Mama vinauma. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi, na nilimfanyia Mama. Dada aliandika, "Jumapili za huku ni ndefu. Nimepika sufuria nzima kama vile nyinyi mnakuja, halafu nimekula chakula hichohicho siku nne." Mimi nilisoma kwa sauti, "Jumapili nimepika." Nilifanya hivyo barua baada ya barua. Kila palipokuwa na upweke niliparuka, kwa sababu sikutaka Mama alie.

Tulichokuwa tukingoja sote ni likizo ya Dada. Mama alihesabu miezi. Badala ya likizo ikaja bahasha nene, namba sabini na tisa, na ndani yake picha. Dada ameteuliwa kuwa balozi. Picha ilimwonyesha amevaa gauni nililomshonea mimi, akimkabidhi rais wa nchi ile hati za utambulisho, yaani barua inayosema huyu ndiye tuliyemtuma. Barua ilisema amehamishiwa huko moja kwa moja, na likizo imesogezwa hadi mwakani.

Asubuhi hiyo mteja wangu mmoja alikuwa mbele ya kioo, akijaribu sare. Ni muuguzi wa kliniki ya macho, mwanamke mpole mwenye macho yasiyokosa kitu. Mama aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Amependeza mwanangu," alisema.

Picha ilikuwa kichwa chini. Mimi niliangalia sakafu. Muuguzi aliona yote mawili, picha na mimi. Alikuja na pini za sare bado mgongoni, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, naomba niangalie macho yako," alisema. Alitoa kurunzi ndogo kwenye mkoba.

Alimulika jicho moja, kisha la pili. Katikati ya kila mboni palikuwa na weupe. Akatueleza taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Ndani ya jicho kuna lenzi, kitu kidogo kinachopitisha mwanga kama kioo safi. Umri ukienda, kioo hicho huweza kuingia ukungu. Ugonjwa huo unaitwa mtoto wa jicho. Kuuondoa hakuna tone wala miwani itakayoweza, na dawa za dukani zisizo na cheti cha daktari zinaweza kuharibu jicho zaidi. Dawa yake ni upasuaji. Daktari anatoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka nyingine ya plastiki.

Mama aliuliza kama si lazima kungoja ukungu uive kwanza, maana ndivyo alivyosikia kwa watu.

"Hilo tunalisikia kila siku kliniki," muuguzi alisema. "Jicho si tunda, Mama. Ukiona shida kusoma, kupika au kutembea, ndio wakati wake. Ukichelewa sana, upasuaji unakuwa mgumu, na wengine presha ya jicho inapanda. Hapo kuona kunaweza kupotea kusirudi tena."

Nilidhani Mama atakubali. Alikunja picha kwenye kanga ya mapajani akasema ahsante, atakwenda mwakani. Muuguzi alipoondoka nilimjia juu. Nilimwambia anafanya ukaidi wa mtoto mdogo. Ndipo akanijibu, na jibu lake lilinikata maini.

"Miaka sita sijauona uso wake. Nataka siku wakinifungua kitambaa cha jicho, wa kwanza kumwona awe yeye. Wewe nakuona kila siku."

"Hunioni, Mama," nilisema. "Unanisikia tu."

Mchana alipoingia kuoga, nilimwandikia Dada kwa simu. Sikupamba hata neno moja. Niliandika kwamba Mama anapofuka, kwamba inatibika, kwamba anamngoja yeye. Simu ililia kabla sijaiweka mezani. Balozi alikuwa ofisini kwake, na nilimsikia akimwambia mtu atoke na afunge mlango. Mama alipotoka bafuni nilimwekea sauti ya juu.

Dada alianza kwa kusema amepata habari za macho. Mama akanigeukia upande ambao sikuwapo.

"Umeniuza," alisema.

Kisha akaanza kujitetea kwenye simu. Mwaka si mwingi. Anazoea. Hana haraka. Dada alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Hiyo ndiyo kazi yake, kuwaacha watu waseme mpaka waishiwe. Halafu Mama alilitoa lile la uso, kwa sauti ndogo.

"Mama," Dada alisema, na sauti yake haikuwa ya ofisini. "Mimi nakaa mezani na watu wawili, kila mmoja anataka chote. Leo niruhusu nikae mezani na wewe."

"Kaa."

"Una macho mangapi?"

"Swali gani hilo? Mawili."

"Basi tugawane. La kulia lipasuliwe sasa, hilo ni lako. La kushoto niwekee mimi. Nikija likizo nitakupeleka mwenyewe, na wakifungua kitambaa nitakuwa nimekaa mbele yako."

Mama alifikiri. Nilimwona akitafuta tundu katika maneno yale, kama alivyokuwa akitafuta kosa kwenye karatasi.

"Na hilo la kulia litatazama nini, na wewe haupo?"

"Litasoma barua zangu," Dada alisema. "Zote."

Mama akasema haya, tumekubaliana. Mimi ndiye niliyeingiwa na ubaridi, kwa sababu nilijua kilichomo katika barua hizo.

Muuguzi alisema mapatano yetu hayana shida, kwani kwa kawaida hupasuliwa jicho moja, likapona, ndipo likaja la pili. Daktari alipima macho yote, akapima na presha ya damu na sukari. Siku ya upasuaji Mama hakulazwa usingizi. Walitia jicho ganzi, akawa anasikia wanavyozungumza. Haikufika hata saa moja. Tulirudi nyumbani siku hiyohiyo, jicho limefunikwa. Tuliambiwa asilisugue, asiinue kitu kizito, maji yasiingie, dawa itiwe kwa saa zake kwa mikono iliyonawa, na likiuma sana au kuona kukipungua, tukimbie kliniki bila kungoja.

Kesho yake muuguzi alifungua kitambaa. Mama alipepesa. Alimtazama muuguzi usoni, kisha shingoni.

"Kola hii imepinda," alisema. "Nani kashona?"

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka na kulia pamoja. Mama alinigeukia, safari hii upande niliokuwapo, akanitazama kwa muda.

"Umekonda," alisema.

Siku chache baadaye, daktari aliporuhusu, alilichukua faili la bluu akaketi dirishani. Alisoma namba hamsini na nane mpaka sabini na tisa, bila haraka, siku tatu. Mimi nilishona bila kuinua kichwa. Siku ya tatu alivua miwani yake mipya ya kusomea.

"Sufuria nzima," alisema. "Siku nne."

Nilisimamisha gurudumu la cherehani.

"Kumbe balozi wa familia hii ni wewe," alisema. Kisha akaanza kulia, na nikaliacha cherehani nikaenda kukaa miguuni pake. Alilia kwa ajili ya Jumapili zote zile ambazo hakuzijua. Alipotulia aliomba kalamu. Nilimsogezea meza ya kukatia, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, mistari imenyooka: "Mwanangu, barua zako namba hamsini na nane hadi sabini na tisa zimefika leo."

Dada alikuja mwakani kama alivyoahidi. Alimpeleka Mama kliniki yeye mwenyewe, akabeba mkoba wake, akapanga foleni kama watu wengine. Kesho yake, jicho la kushoto lilipofunguliwa, alikuwa ameketi mbele yake, magoti kwa magoti. Mama aliweka viganja viwili kwenye mashavu yake, akamsoma uso kutoka juu hadi chini.

"Mvi hizi zimeanza lini?"

"Namba sitini na nne, Mama. Niliandika."

"Basi nimezisoma nimechelewa," Mama alisema. "Mdogo wako aliziruka."

Dada alikaa nasi wiki tatu. Jumapili ya mwisho alipika sufuria nzima, nasi tukaimaliza siku hiyohiyo. Kisha likaja gari la kumpeleka uwanja wa ndege. Zamani Mama alikuwa akimuagia ndani. Safari hii alitoka hadi barabarani, akasimama na mkono umeinuliwa. Gari liliondoka, likapita duka, likapita shule, likawa dogo.

Nilimshika bega nikamwambia turudi ndani, gari limeshaondoka.

"Ngoja," alisema. "Bado namwona."