Sauti ya Kahaso Katika Simu

Walikuwa wameshaipita shule, shangazi Damaris mbele na Kahaso nyuma, wakielekea kwa bibi mmoja mkulima. Njia ya mchanga ya kijiji cha Tezo huchosha hata mwenye moyo mwepesi, sembuse mwenye aibu. Kila upande mahindi yalisimama majani yakiwa yametobolewa kama chekeche. Viwavi jeshi walikuwa wameingia.

Shangazi Damaris na rafiki yake Nyakio, mwanamke wa bara aliyehamia Kibarani, walikuwa mafundi wa kompyuta. Walibuni mtambo wa kumpigia mkulima simu na kumweleza la kufanya shambani, tena kwa Kigiriama, maana wazee wengi hawasomi maandishi. Sauti iliyorekodiwa ilikuwa ya Kahaso, mwanafunzi wa gredi ya saba. Jinsi alivyotamba shuleni! Simu zikapigwa, wazee wakapokea, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuwaua viwavi. Sasa kamati ya kijiji ilikuwa imesema waziwazi: simu zikishindwa mara ya pili, mtambo utafungwa.

"Kahaso, sauti yako imewabembeleza wazee wakalala!" Mangi, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amemtania darasani, na darasa zima likacheka.

"Shangazi," Kahaso alisema hatimaye pale njiani, "wazee hawa hawajui simu. Makosa ni yao."

"Umewauliza?"

"Niwaulize nini tena?"

"Basi funga mdomo, ufungue masikio."

Walimkuta Hawe Mapenzi uani akimenya muhogo. Huko hawe ndiye bibi, na bibi huyu kila mtu alimwita hivyo.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, wajukuu zangu. Vuteni viti."

Baada ya kuulizana hali za watu na za mifugo, shangazi alimuuliza kama aliipokea ile simu.

"Niliipokea. Ni msichana wa haraka huyo! Kama aliyekuja kuchukua kaa la moto kwa jirani."

Shangazi akamtumia Nyakio ujumbe kwamba mtambo upige tena papo hapo. Simu ikalia. Kahaso akasogeza sikio karibu, akaisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza: mmeamkaje hapo nyumbani?

"Tumeamka salama," Hawe Mapenzi akaijibu, "ila goti langu bado limelala. Na nyinyi huko? Mama yako hajambo? Mvua imewafikia? Na mbuzi je?"

Alipokuwa akiuliza habari za mbuzi, sauti ilikuwa imeshataja viwavi, imeshaeleza kutwanga majani ya mwarobaini na kumimina maji yake katika moyo wa mmea wa mahindi, imeshaaga. Simu ikakatika.

Hawe Mapenzi akaikazia macho. "Mmeona? Kanisalimu, namjibu, yeye hanisikilizi. Mtu wa namna hiyo utamfuata shambani?"

Kahaso akasogea mbele yake. "Hawe, msichana huyo ni mimi."

"Wewe? Ni nani aliyekufunza kuwakatiza wakubwa?" Bibi akacheka mpaka kisu kikamwanguka.

Mchana huo huo walikuwa Kibarani kwa Nyakio.

"Tuache kimya baada ya salamu," Kahaso alisema. "Wajibu kwanza, wamalize, ndipo tuseme."

"Kimya cha muda gani?" Nyakio aliuliza. "Kwetu mtu husema 'mzuri', basi."

"Huku tunafika mpaka kwa mbuzi."

Nyakio akakuna kichwa. "Basi nitaufunza mtambo usikilize. Mtu akinyamaza, ndipo uendelee."

Kazi haikuwa nyepesi. Mara mtambo ulimkatiza mtu aliyevuta pumzi, mara ulingoja jogoo anyamaze. Kahaso alirekodi upya mpaka sauti ikamkauka. Jua likielekea kuzama, mtambo ukasubiri kama mgeni mwenye adabu.

Asubuhi iliyofuata simu zikapigwa. Kahaso alipokuwa akirudi kutoka shule aliona watu wameinama mashambani na ndoo za mwarobaini.

"Leo kanisikiliza yule msichana!" Hawe Mapenzi alimpigia kelele kutoka shambani. Kahaso akatembea kama amevalishwa taji.

Jioni shangazi alimwambia: "Mwanangu, ukiwatengenezea watu kitu kikakataa kufanya kazi, usianze kwa kuwalaumu. Nenda ukawasikilize. Fundi asiyesikiliza hutengeneza kelele tu."

Tezo walivuna, si mahindi yote, lakini ya kutosha. Kamati iliuacha mtambo uendelee. Damaris na Nyakio sasa wanawafundisha kazi hiyo wasichana wengine, na simu zao hufika hadi Ngomeni. Hawe Mapenzi bado analima. Mangi alihamia Malindi na wazazi wake. Kahaso yuko gredi ya tisa, na kila Jumamosi yuko Kibarani mbele ya kompyuta.