Rhoda na Klabu ya Wadudu

Ngeleja ni mkulima wa pamba. Anaishi na mkewe, Stephania, na watoto wao katika kijiji kimoja karibu na Lagangabilili, mkoani Simiyu. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, huingia shambani na kupita mstari mmoja baada ya mwingine. Anaijua pamba yake vizuri. Akiona jani limekaa vibaya, hasira zinampanda papo hapo.

Mwezi huo wa Februari hasira zilimpanda kila siku. Majani ya pamba yalikuwa yamejikunja. Ukiyagusa, yananata mkononi. Chini ya majani walijaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza maji ya mmea.

Katikati ya vidukari alikuwepo mdudu mwingine. Huyo alikuwa mkubwa kidogo, mweusi, mwenye madoa ya rangi ya chungwa na vijimiba mgongoni. Tuseme kweli, sura hakujaliwa.

"Huyu ndiye mama yao," Ngeleja alimwambia mkewe. "Kila penye vidukari wengi, na yeye yupo. Kazi yake kuzaa tu."

Basi akawa anamponda. Aliponda kila aliyemwona, kwa kidole gumba, na watoto wake akawafundisha kufanya hivyo. Majirani nao walifanya hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza. Ubaya wa sura ulitosha kumhukumu.

Mtoto wa kwanza wa Ngeleja anaitwa Rhoda. Mwaka huo alikuwa ameanza kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya kata. Shule ya msingi alikuwa akifanya vizuri. Sekondari mambo yakawa magumu, kwa sababu masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Nyumbani kwao wanazungumza Kisukuma. Kiswahili chenyewe alijifunzia shuleni. Sasa alikaa darasani kimya, akarudi nyumbani kimya.

Siku moja alimwambia mama yake, "Mayu, bora nibaki nyumbani nilime. Kule sielewi kitu."

Stephania alishtuka sana. Hakumwambia mtu, lakini moyo ulimwuma.

Halafu Rhoda akabadilika. Siku za Jumatano alianza kurudi jioni, magoti yana vumbi, mdomo haufungi.

"Mayu, unajua sisimizi anabeba mzigo mzito kuliko yeye mwenyewe?"

"Mayu, unajua nzige anasikia kwa tumbo?"

Stephania hakujua. Alikaa jikoni na mwiko mkononi, akimsikiliza mwanawe na kustaajabu. Rhoda alikuwa amejiunga na klabu ya wadudu. Wanafunzi wa klabu hiyo hubaki shuleni baada ya masomo ili kuwachunguza wadudu pamoja na mwalimu wao.

Ngeleja hakufurahi. Jumatano ndama walichelewa kufungwa. Maji yalichelewa kuletwa.

"Klabu ndiyo nini?" alisema. "Mimi nimempeleka mtoto akasome. Kama ni kukimbiza panzi, hata hapa kwetu panzi wapo."

Jumanne moja jioni alimkuta Rhoda ameinama kwenye pamba. Alikuwa na chupa ya plastiki. Aliokota wale wadudu weusi wenye vijimiba, mmoja mmoja, kwa uangalifu, na kuwatia ndani.

"Unafanya nini?" Ngeleja aliuliza.

"Nawapeleka klabu, baba. Wengine tunao tangu wiki mbili zilizopita. Tunawalisha vidukari."

"Mnawalisha?" Ngeleja hakuamini masikio yake. "Mimi baba yako nahangaika kuwaua, wewe unawalisha?"

Aliichukua ile chupa, akaimwaga chini, akawaponda wote kwa kisigino.

"Kesho nakuja shuleni. Namwambia mwalimu wako akutoe. Klabu basi."

Machozi yalimtoka Rhoda, akaenda kufunga ndama.

Stephania alisubiri mpaka mumewe amekula. Kisha akasema taratibu, "Baba Rhoda, kuna jambo sikukwambia. Huyu mtoto alitaka kuacha shule. Alisema haelewi kitu. Hiyo klabu ndiyo imemrudishia moyo."

Ngeleja aliinua macho, akamtazama mkewe.

"Kwenda shuleni, nenda," Stephania akaendelea. "Ila kwanza uangalie hicho wanachofanya. Ukishaangalia, ndiyo useme."

Kesho yake, saa tisa alasiri, Ngeleja alifika shuleni kwa baiskeli. Tangu amwandikishe Rhoda hakuwa amekanyaga pale. Alitarajia kukuta watoto wamekaa kwenye madawati. Alichokuta kilimfanya asimame getini, mikono kwenye usukani.

Upande mmoja ngoma zilikuwa zinalia. Wanafunzi waliovaa sare walicheza bugobogobo, majembe mikononi. Walirusha majembe juu kwa pamoja, yakazunguka hewani, na kila mmoja akadaka la kwake bila kukosa hatua. Ngeleja aliijua ngoma hiyo tangu utotoni. Hakujua kwamba watoto wanaweza kufundishwa shuleni na kufikia ufundi ule. Upande mwingine wasichana walicheza mpira wa pete. Chini ya dirisha la darasa wanafunzi walikuwa kwenye mdahalo, na kijana mdogo kabisa alisimama kuwapinga wakubwa kwa hoja, nao wakamsikiliza. Ngeleja alisahau kwa muda kwamba alikuja na hasira.

Mwalimu mmoja alimfuata. Alikuwa ni Violeth, mwalimu wa Baiolojia na mlezi wa klabu ya wadudu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mimi ni baba yake Rhoda. Nimekuja kumtoa klabu."

Violeth hakukasirika. "Nimekusikia, baba, na ni haki yako kuja. Ila sasa hivi Rhoda anawaeleza wenzake jambo. Naomba tumsikilize kidogo, halafu tuzungumze."

Waliingia darasani kwa mlango wa nyuma. Rhoda alisimama mbele, mgongo umenyooka. Alizungumza kwa sauti inayofika mpaka mwisho wa chumba. Ngeleja hakuwahi kumsikia mwanawe akizungumza hivyo.

"Huyu tulimtoa kwenye pamba ya baba," Rhoda alikuwa anasema, akionyesha chupa. "Nyumbani tunamwita mama wa vidukari. Tulifikiri anawazaa. Tukamweka humu na vidukari wengi. Kesho yake tukakuta wamebaki wachache. Tukaongeza, wakapungua tena. Basi tukakaa kumwangalia. Hazai vidukari. Anawala."

"Anawala?"

Watoto waligeuka wote. Ngeleja alikuwa ameuliza bila kukusudia. Wakasimama kumwamkia, naye akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye chupa.

"Karibu uangalie, baba," Violeth alisema. Akampa kioo kidogo kinachokuza vitu. Wanafunzi wanakiita lenzi.

Ngeleja aliinama. Mwanzoni aliona ukungu tu. Rhoda alimshika mkono, akausogeza taratibu, na ghafla kila kitu kikawa wazi. Yule mdudu alikuwa mkubwa, ana miguu, ana nywele, ana kichwa kinachogeukageuka. Alimkamata kidukari. Miguu ya kidukari ilitapatapa. Taya za yule mdudu zilitafuna bila haraka, kama ng'ombe kwenye mabua. Akammaliza, akamfuata mwingine.

Ngeleja alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amelima pamba tangu ujana wake, na vita hivi vilipiganwa mbele ya macho yake kila siku, naye hakuviona.

"Na huyu wa chupa ya pili," Rhoda alisema, "ni wa kwanza kabisa tuliyemleta. Alikula mpaka akaacha kula. Akajibandika kwenye jani, akawa kama kidonge. Hatujui atakuwa nini."

"Rhoda," mwanafunzi mmoja alinong'ona, "kinapasuka."

Wote walisogea. Violeth aliwaomba wasisukumane. Kile kidonge kilikuwa kimepasuka mgongoni, na ndani yake kitu kilijisukuma kutoka. Kilitoka polepole, laini, kibichi, cha rangi ya njano. Hakikuwa na doa hata moja. Kikasimama kwenye jani, kikatulia.

Ngoma za nje ziliendelea kulia.

Walingoja. Ngeleja naye alingoja, baiskeli ameiacha kwenye jua. Ile njano ikaanza kukolea. Halafu kwenye mgongo wa yule mdudu likaanza kuonekana doa, hafifu sana. Likafuata la pili. Hakuna mkono uliopaka rangi ile. Ilikuwa inatoka ndani yake mwenyewe, mbele ya macho yao. Jamani, mimi ninayeandika haya nimeliona jambo hilo zaidi ya mara moja, na kila mara mwili hunisisimka.

Sasa kila mtu alimtambua. Alikuwa yule mdudu mdogo wa mviringo, ambaye mgongo wake ukishakauka huwa mwekundu wenye madoa meusi. Watoto wa kijijini humpenda na kumtembeza kwenye vidole vyao. Ngeleja hajawahi kumwua hata siku moja, maana ni mzuri.

"Kumbe huyu mzuri ndiye yule mbaya," alisema kwa sauti ya chini. Akavua kofia. "Mungu ni fundi."

Kisha akamtazama Rhoda. "Jana nilimwaga kazi yako yote."

"Wapo wengine shambani, baba," Rhoda alisema.

Ngeleja na mwalimu walitoka nje kuzungumza.

"Kwa hiyo hii ndiyo klabu," Ngeleja alisema. "Mimi nilifikiri ni mchezo wa kupoteza muda."

"Wazazi wengi wanafikiri hivyo, na kosa ni letu pia," Violeth alijibu. "Tulipaswa kuwaita mapema tuwaeleze. Darasani mtoto anaambiwa jambo. Kwenye klabu analitafuta mwenyewe, anauliza, anakosea, anasimama mbele ya watu. Mwingine anapata hayo kwenye ngoma, mwingine kwenye mpira, mwingine kwenye mdahalo. Rhoda alikuwa hafungui mdomo kwenye somo langu. Wiki hii alinyoosha mkono, akajibu kwa Kiingereza. Kilikuwa na makosa, lakini alijibu."

"Na ndama je? Na maji? Jumatano kazi zinalala."

"Hilo ni jambo la kweli, baba. Mzazi anatakiwa kuuliza. Klabu ni siku gani? Inaisha saa ngapi? Mwalimu gani anasimamia? Mtoto anarudi na nani? Yetu ni Jumatano tu, na saa kumi na nusu tumemaliza. Rhoda anarudi na wenzake wa kijiji chenu. Kazi za nyumbani mnaweza kuzihamisha siku. Na klabu moja inamtosha, asijiunge na tatu akachoka. Ukiona masomo yanashuka, usimtoe kimyakimya. Njoo tuzungumze."

Ngeleja alikuna kichwa. "Dawa ya pamba nimeshainunua. Nilitaka kupulizia kesho."

"Hapo mimi siwezi kukushauri. Mimi ni mwalimu, pamba ina wataalamu wake. Mwone afisa ugani kabla hujapulizia."

"Wabeja, mwalimu," Ngeleja alishukuru. Hakusema tena habari ya kumtoa mtoto.

Alimrudisha Rhoda nyumbani kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Njia nzima alimwuliza maswali. Rhoda alijibu aliyoyajua.

Jioni hiyo familia ilipanga upya kazi. Jumatano ndama atawafunga Ngeleja mwenyewe. Maji ataleta mdogo wake Rhoda, Masalu. Rhoda ataosha vyombo vya siku mbili siku ya Alhamisi. Masalu alinung'unika kidogo. Mama yake akamwambia mwakani na yeye atachagua klabu, akanyamaza.

Afisa ugani, Bwana Jeremia, alikuja shambani. Alikagua mimea sehemu mbalimbali, akageuza majani.

"Hawa wadudu rafiki ni wengi," alisema. "Ukipulizia leo utawaua hawa, na vidukari watazaliana upya bila wa kuwala. Subiri kidogo. Uwe unakagua, nami nitapita tena."

Ngeleja alisubiri, akikagua majani kila asubuhi. Majirani walimcheka kwamba anafuga wadudu. Baada ya muda majani mapya yalichipua, mapana na safi. Vidukari walipungua. Baadaye funza wanaotoboa vitumba vya pamba walipoingia, Bwana Jeremia alimwambia sasa apulizie, naye akapulizia kama alivyoelekezwa. Pamba yake ilizaa vizuri kuliko alivyotegemea mwezi ule wa Februari.

Jirani yake, Maige, alikuja kulalamika. Mtoto wake alitaka kujiunga na klabu ya ngoma.

"Usinisikilize mimi," Ngeleja alimwambia. "Nenda shuleni Jumatano, saa tisa. Simama uangalie."

Mwezi wa nne mwaka huo huo, kabla pamba haijavunwa, Ngeleja alikuwa shambani na Rhoda. Kwenye shina la pamba aliona kitu asichokijua. Kilikuwa cha rangi ya kahawia, kimekauka kama povu la sabuni, kimeng'ang'ania. Kidole gumba chake kilikuwa kimeshakigusa.

"Rhoda, njoo. Hiki ni nini?"

Rhoda alichuchumaa. Alikiangalia juu na chini, akazunguka upande wa pili, akakiangalia tena.

"Sijui, baba."

"Hata wewe hujui?"

"Sijui. Jumatano nitauliza klabu."

Ngeleja aliondoa kidole chake polepole.

"Basi tukiache mpaka Jumatano," alisema, akahamia mstari unaofuata.