Konokono wa Upande wa Ukutani

"Dada, na huu utuwekee konokono," alisema binamu yangu wa kike, amekalia kiti changu, anatafuna karanga zangu.

Nilikuwa nimeinamia meza, nachora kwa chaki mistari ya kushonea mfarishi wa arusi yangu: viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini. Nilipanga mioyo inayopishana, kuanzia katikati kwenda pindoni, maana ukianzia pembeni nguo hujikunja.

Chaki ikasimama.

"Konokono gani?"

"Si yule wa kwenye mfarishi wa shemeji. Kadogo, kule upande wa ukutani."

Mfarishi ule nilimshonea mchumba wangu. Mstari mmoja ulinipotea, nikauzungusha ukawa konokono, kwa uzi wa rangi ileile ya kitambaa. Sikumwambia mtu. Mwenye kitanda mwenyewe hamjui, kwa kuwa hulala upande wa mlango. Kumwona konokono yule sharti ulale kule ndani, shavu limegusa nyuzi, na huna haraka ya kwenda kwenu.

"Una macho makali," nikamwambia. "Ulilalia ubavu gani?"

Karanga zikamkwama.

Nikamtumia mchumba ujumbe: "Mfarishi wako una mdudu gani?"

Akajibu: "Hauna mdudu mpenzi, naufua kila wiki."

Na huyo ndiye niliyetaka kuzaa naye.

Jioni mchumba alikuja kujieleza, bila shaka binamu alikuwa ameshamwambia. Eti binamu alipita kumsalimia, kichwa kikamuuma, akajinyoosha kidogo.

"Kichwa chake kina adabu," nikamwambia. "Kinasubiri kwanza kifike kwenye kitanda cha mtu." Nikamrudishia pete, nikamfungulia mlango.

Hawakuona haya hata kidogo, wakatangaza arusi yao. Nami nikapangusa mioyo kwa kitambaa chenye maji, nikachora konokono kutoka pindo hadi pindo, nikashona. Siku ya arusi yao nikautandaza mfarishi mbele ya wageni, zawadi yangu kwao. Mshereheshaji akaniuliza mbona konokono watupu. Nikamweleza yote, taratibu, kipaza sauti mkononi. Bwana arusi akainama kuwatazama, kwa mara ya kwanza.

Shangazi, mama yake binamu, akanipigia simu kesho yake.

"Umemwaibisha mwanangu mbele ya ukoo mzima. Muombe radhi mdogo wako."

"Shangazi, wale konokono nimewachora mwenyewe na kuwashona kwa mkono, na safari hii hakuna hata mmoja aliyetokea kwa bahati mbaya. Siombi radhi."