Kanzu ya Ijumaa na Simu ya Mezani

Ijumaa, saa tano na dakika kumi asubuhi. Simu ya mezani ya Mzee Abdulhadi wa Chang'ombe ilikuwa haijalia.

"Muda umepita," alisema, amesimama sebuleni ndani ya kanzu iliyonyooka kama karatasi mpya. "Niliwapa saa nne hadi saa tano. Nimekaa hapa hapa, hata msalani sikwenda. Hawakupiga."

"Labda wamepata dharura, Baba," alisema binti yake, Hamdiya.

"Mwenye dharura hupiga kusema ana dharura. Nikitoka msikitini nawajibu wale wa Mbezi Beach."

Hamdiya hakuitaka posa ya wale wa Mbezi Beach. Alimtaka Jaffar, ambaye ami yake ndiye aliyengojwa kupiga. Lakini kwa baba yake, posa hujibiwa kwa simu ya nyumbani tu. "Ya mkononi inamkuta mtu hata sokoni anagombania nyanya," alizoea kusema. "Ya mezani inamkuta mtu kwake, kavaa, katulia." Mzee wa upande wa mwanamume hupiga, huomba jibu, hupewa. Asiyepiga amejitoa.

Jaffar alikuwa fundi wa intaneti. Laini ya zamani ya waya ilipokufa, ndiye aliyekuja kuwafungia simu mpya inayopita kwenye ruta, kikasha cheupe chenye taa nne za kijani. Kisha akarudi kuikagua mara tatu ndani ya wiki moja.

"Simu gani hii inapimwa kama mgonjwa wa presha?" mama, Bi Afrah, aliuliza siku ile ya tatu. Hamdiya akaangalia sakafu, na mama akapata jibu lake.

Tangu alfajiri simu ya mkononi ya Hamdiya ilikuwa kabatini, kwa amri ya baba, mpaka jambo liishe. Bi Afrah alimpenyezea jikoni.

"Dakika kumi. Na mie sijakupa."

Jumbe zilikuwa mbili, zote za Jaffar. Wa kwanza wa saa nne na dakika kumi na mbili: "Ami kapiga. Simu yenu haipatikani, kuna nini?" Wa pili wa saa tano kasoro tano: "Mara ya nne. Ami kakasirika."

Akapiga. Jaffar alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Hamdiya, mmetufanyia nini? Ami Azan yuko hapa kwake Wazo, kavua kofia, anasema hapigi tena. Anasema mzee kazima simu asipate shida ya kumwambia hapana."

"Baba alikuwa pembeni ya simu saa nzima."

"Namba nilimbonyezea mwenyewe. Mara nne, haipatikani."

"Na Baba sasa hivi ameinua mkonga, mlio upo. Hakuna muongo hapo, Jaffar. Kuna kitu hatukijui. Ruta inaonyesha imewashwa lini?"

"Inaonyesha. Fungua ile programu niliyokuwekea. Chini kabisa."

Hamdiya akafungua. Imewaka kwa dakika kumi na tisa. Saa ya ukutani ilisema tano na dakika ishirini na tatu.

"Imewashwa saa tano na dakika nne," alisema.

"Umeme ulikatika?"

"Redio ya Mama haijanyamaza tangu asubuhi."

"Basi kuna mtu kachomoa plagi."

Hamdiya alikwenda sebuleni. Kando ya simu palikuwa na meza ya kupigia pasi, ambayo kwa kawaida hukaa chumbani. Akaigusa pasi. Bado ilikuwa ya moto.

Kanzu ya Ijumaa Mzee Abdulhadi huinyoosha mwenyewe. Hajamwamini mtu mwingine kwa mikunjo yake tangu enzi za pasi ya mkaa. Leo alikuwa amehamishia kazi hiyo sebuleni ili simu isimpite.

"Baba, pasi uliichomeka wapi?"

"Hapo. Kwani vipi?"

"Ulichomoa nini?"

"Hicho kidude chenu cha intaneti. Nilipomaliza nikakirudisha nilivyokikuta. Simu sikuigusa."

"Simu inapita humo, Baba."

"Simu haili umeme. Miaka thelathini, Chang'ombe nzima giza, simu yangu inalia."

"Ile ya zamani. Waya wake ulikuwa unakuja na umeme wake. Hii haina."

Mzee Abdulhadi alimtazama binti yake. "Usinihubirie. Nionyeshe."

Hamdiya alichomoa ruta. Taa nne zikazimika. Baba aliinua mkonga, akausikiliza, akaurudisha. Bi Afrah akapiga kwa simu yake ya mkononi na kuinua sauti ili wote wasikie: namba haipatikani. Ruta ikachomekwa tena. Taa zilirudi moja moja, dakika tatu nzima. Mlio ukarudi. Hamdiya akamwambia kwamba ami yake Jaffar alipiga mara nne, akakosa.

"Nilianza saa nne kasoro," alisema Mzee Abdulhadi taratibu. "Kanzu mbili na koti." Aliketi kwa uangalifu, kanzu isikunjike. "Mzee wa watu kanibishia hodi mara nne, nami nimemfungia mlango huku nanyoosha mikono ya kanzu."

"Na yule kijana alitaka kukuwekea betri ya akiba," alisema Bi Afrah. "Ukamwambia anakuuzia jenereta ya simu."

"Afrah, nimeshasikia." Akamgeukia Hamdiya. "Nisomee namba ya huyo ami yake."

"Upande wa mwanamke haupigi," Bi Afrah alimkumbusha.

"Haupigi kujibu. Mimi napiga kuomba radhi."

Alibonyeza namba mwenyewe.

"Assalaam alaykum, Mzee Azan. Abdulhadi, Chang'ombe. Simu niliikata mwenyewe, kwa pasi."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa pasi. Nilichomoa simu, nikachomeka pasi, kisha nikakaa pembeni nakungoja upige."

Kwenye mkonga kikasikika kicheko kikavu, kikarefuka, mpaka Hamdiya akakisikia pale alipokuwa.

"Kata simu, Abdulhadi."

"Bado una hasira?"

"Kata nipige mie. Jambo lifuate utaratibu wake."

Akakata. Wote watatu wakawa wanatazama taa nne za kijani.

"Mtu asiuguse ukuta huo," alisema Bi Afrah.

Saa tano na dakika hamsini na moja, simu ya mezani ililia. Mzee Abdulhadi aliiacha ilie mara mbili, akaweka kofia yake sawa, akainua mkonga.

"Naam, Mzee Azan. Tumekubali."