MZIMA, AFANDE!

Jamani, mwenzenu nilimkunja karani wa serikali.

Ndiyo. Kola ya blauzi yake mkononi mwangu, miwani yake inaning'inia kwenye kamba, na mlinzi anakuja mbio kutoka getini...

"Sema! Nani anamwangusha baba yangu?!"

"Binti, niachie."

"Sikuachii! Mara mbili faili linarudi! Baba yangu kakukosea nini?"

"Niachie nikuonyeshe aliyemwangusha. Na saini yake nitakuonyesha."

Nikamwachia.

Akavaa miwani. Akafungua faili, akalisukuma juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa.

"Mwombaji amehojiwa na bodi. Anasema hana tatizo lolote la kiafya."

Chini yake, saini.

Nyie... ile saini naijua! Ndiyo iliyo kwenye ripoti zangu zote za shule tangu darasa la kwanza.

Ilikuwa ya baba yangu mwenyewe!!

Ngoja nianze mwanzo, maana hata sasa naandika vidole vinakimbia kuliko akili.

Mimi ni fundi simu. Nina kibanda changu na meza moja. Baba alikuwa mwanajeshi, kikosi cha mizinga, miaka kumi na tisa. Mtaani wanamwita Spika. Siyo wa bunge, yule wa muziki! Maana baba hasikii tangu mlipuko wa kambini, na asiyesikia anaongea kwa kelele. Akimuuliza mama chumvi iko wapi, mtaa mzima unajua chumvi yetu imeisha.

Kuongea naye, naandika kwenye simu. Herufi kubwa kama mayai. Anasoma, halafu ananijibu kwa kupiga kelele. Siri zote za nyumba yetu majirani wanazo.

Ingekuwa masikio tu, nisingelia.

Mkono wa kulia unatetemeka, anauficha mfukoni. Mgongo ukikaza akiinama kufunga viatu, anabaki hukohuko mpaka mama aje kumnyoosha. Na vishindo! Havisikii, ila anavihisi kwenye sakafu. Siku moja nilidondosha mfuniko wa sufuria...

Sikujua kilichotokea. Nilishtukia niko chini, shavu kwenye simenti, baba juu yangu, kiwiko chake shingoni, anapiga kelele:

"LALA CHINI, KIPENGA! LALA!"

Mimi siitwi Kipenga. Baba huniita Kuruta, tangu nikiwa mtoto.

Majirani walijaa mlangoni wakijua napigwa. Hakuwa ananipiga. Alikuwa ananifunika.

Sasa sikilizeni kwa nini nilichanganyikiwa pale kwenye kaunta.

Daktari alishatuambia kuna sikio moja linaokoleka, lakini lisicheleweshwe. Hospitali ya jeshi ingemtibu, ingempa na kile kifaa cha kuvaa sikioni, mradi bodi ya madaktari ikubali kwamba ulemavu wake umetokana na kazi. Bodi ikikukataa mara tatu, faili linafungwa. Kwisha habari yako.

Sisi tulishakataliwa mara mbili.

Ya tatu ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo ya kola ilikuwa Jumanne!

Yule karani, wote pale wanamwita Mama Faili, akajinyoosha blauzi taratibu.

"Na kingine. Kwenye fomu, palipoulizwa siku ya mlipuko alitibiwa wapi, ameandika hakutibiwa. Mimi siamini. Nimeiandikia kambi barua mbili, watafute daftari la zahanati la mwaka ule."

"Leta hiki, leta kile! Ndiyo kazi yenu!"

Nikaondoka nimenuna. Hata asante sikusema.

Nyumbani nikamkuta baba anapiga viatu rangi kwa mkono wa kushoto. Mama anapiga pasi shati la Alhamisi.

Nikaandika: KWA NINI ULIWAAMBIA HUNA TATIZO?

Akasoma. Akanirudishia simu. Akaendelea na kiatu.

Nikaandika tena: SWALI ULILISIKIA?

"NILILISIKIA!"

Upande wa pili wa ukuta, jirani: "Spika kasikia nini tena leo?"

Mama akanivuta jikoni.

"Mwanangu, usimsakame. Baba yako akiona mtu mwenye cheo, mgongo unanyooka wenyewe. Siku aliyokuja kuniposa, babu yako alikuwa mlinzi wa ghala tu, kavaa sare. Akampigia saluti!"

"Mama, mimi nalia, wewe unanichekesha."

"Nakwambia ukweli. Hasikii wanachomuuliza. Anaona nyota begani, anajibu mzima afande. Na sisi hatumsaidii. Tazama shati lenyewe. Tunampeleka kwa madaktari kapendeza kama bwana harusi!"

Hapo nikaelewa! Baba alikuwa anajibu maswali asiyoyasikia. Basi dawa ni moja: niingie naye kwenye bodi na simu yangu, kila swali nimwandikie.

Tatizo lote nikawa nimelimaliza kichwani. Kumbe hata sijaligusa.

Alhamisi. Ukumbini mabenchi mawili, wazee wamekaa wima kama wanapigwa picha. Nilishindwa kukaa. Nilitembea mpaka mlangoni, nikarudi, nikaangalia simu, nikaenda tena.

"Dada, utatoboa sakafu," mzee mmoja akanitania. Alikuwa na fimbo nene, kaishika kwa mikono miwili.

Akaitwa yeye.

Nyie, nilichokiona! Yule mzee akasimama, akampa mkewe ile fimbo. Akavuta koti. Akatembea kuingia ndani bila fimbo, wima, magoti yanacheza! Mkewe akageukia ukuta asimtazame.

Dakika tatu, katoka.

"Umewaambia?" mkewe akauliza.

"Nimewaambia niko sawa."

Mkewe akafumba macho. Mimi nikaangalia benchi zima. Fimbo zilikuwa chini ya benchi. Mikono ilikuwa mifukoni. Kumbe siyo baba peke yake!

"Sajenti wa mizinga!"

Mlangoni alisimama Mama Faili.

"Mwombaji huingia peke yake," akasema.

"Mama, hasikii. Mimi ndiyo masikio yake. Nakuomba... na ile ya Jumanne, nisamehe."

Akanitazama juu ya miwani. Akatoa bahasha ya kaki kwapani.

"Imefika asubuhi hii. Ingia, mpe mwenyekiti. Usiifungue wewe, una mikono ya haraka."

Ndani, watu watatu mezani. Mwenyekiti ni daktari, lakini ana nyota begani. Baba akagonga visigino mpaka dirisha likalia. Mama alisema kweli! Mgongo wima, mkono mfukoni, kidevu juu.

"Sajenti, una tatizo gani la kiafya?"

Nikaandika neno kwa neno. Nikamwekea simu usoni.

Akasoma. Akarudia, midomo inacheza. Nikatabasamu. Leo ndiyo leo...

"HAKUNA TATIZO, AFANDE! MZIMA!"

Simu ikaniponyoka.

Alikuwa ameelewa! Mara zote alikuwa anaelewa! Swali halikuwa linampita. Alikuwa anadanganya kwa makusudi, macho makavu, huku sikio lake la mwisho linakufa.

Mwenyekiti akaokota kalamu. Nikajua akiandika tu, tumekwisha.

"Daktari, subiri! Dakika moja!"

Nikaiokota simu, nikaandika machozi yanadondokea kioo: BABA UNAJIUA. KWA NINI?

Akaniangalia. Taya zikacheza.

"UKIRIPOTI UNAUMWA, NANI ANASHIKA ZAMU YAKO?!"

Akamgeukia mwenyekiti.

"KIPENGA ALISHIKA ZAMU YANGU, AFANDE! RAFIKI YANGU! ALIKUWA NA PENGO, AKICHEKA ANAPIGA MLUZI! MIMI ASUBUHI ILE SIKUWA MGONJWA! NILIKUWA NA UVIVU TU! NIKAENDA ZAHANATI KUKWEPA KAZI! YEYE AKASIMAMA KWENYE MZINGA WANGU, MZINGA UKAPASUKA, AKAFA!"

Akameza mate.

"NILIAPA SITARIPOTI KUUMWA TENA MPAKA NAINGIA KABURINI!"

Jamani... miaka yote hiyo! Mama hakujua. Mimi sikujua. Mtaa mzima unaosikia habari zetu za chumvi haukujua!

Ndipo nikakumbuka bahasha.

Nikampa mwenyekiti. Akaichana. Karatasi moja tu, nakala ya ukurasa wa daftari la zahanati. Akasoma kimya. Akasoma tena. Halafu akanigeuzia.

"Mwandikie. Kama ilivyo."

Nikaandika.

SAA MBILI ASUBUHI. HOMA NYUZI AROBAINI. ANAWEWESEKA. ALAZWE, ASITOKE KITANDANI.

Baba akakunja uso.

SAA NNE NA DAKIKA KUMI. MLIPUKO UWANJA WA MIZINGA. MGONJWA AMETOROKA KITANDANI.

Midomo ikaacha kucheza.

SAA TANO KASORO. MLIPUKO WA PILI. MGONJWA AMERUDISHWA KWA MACHELA. AMEKUTWA AMELALA JUU YA MWENZAKE, AMEMFUNIKA. DAMU MASIKIO YOTE MAWILI.

Baba akakaa.

Mnaelewa? Akakaa! Mbele ya mwenye cheo, bila kuambiwa kaa!

"NYUZI AROBAINI?" akaniuliza mimi. "KURUTA, NI KWELI IMEANDIKWA HIVYO?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, baba.

Mwenyekiti akasema, mimi naandika: "Sajenti, mtu mwenye homa hiyo hata jina lake halijui. Miaka yote umejihukumu kwa ushahidi wa mtu anayeweweseka."

Baba aliisoma ile sentensi mpaka kioo kikazima. Nikakiwasha, akasoma tena.

Halafu mwenyekiti akainuka. Akavaa kofia yake. Akaniashiria niandike:

SAJENTI. HII NI AMRI. RIPOTI HALI YAKO.

Baba akasimama polepole. Akagonga visigino. Akatoa mkono mfukoni.

Ule mkono ukatetemeka mbele ya watu wote, peupe. Hakuurudisha.

Na baba yangu, Spika, mtu ambaye sijawahi kumsikia akinong'ona tangu nizaliwe, akasema kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayeamshwa:

"Naumwa, afande."

Tukatoka. Ukumbini macho yote kwetu. Kuta zile nyembamba, na mnajua sauti ya baba. Benchi zima lilikuwa limesikia kila kitu. Karibu kila kitu.

Yule mzee wa fimbo alikuwa bado hajaondoka.

"Dada, mwisho kasemaje? Pale mwisho hatukusikia."

"Kasema anaumwa."

Mzee akatazama mlango. Akamtazama baba, ule mkono unaotetemeka. Halafu akamgeukia mkewe.

"Nipe fimbo yangu."

Mkewe akampa, upesi, kabla hajabadili mawazo. Mzee akagonga mlango wa bodi kwa ile fimbo. Ko, ko, ko.

"Afande, naomba nirudi. Nilikosea jibu."

Basi, wadau.

Barua ilikuja wiki ya tano. Bodi imekubali. Sikio la kushoto wamelifanyia upasuaji, sasa anavaa kile kifaa, na anasikia mpaka umbea wangu wa kwenye simu, sijui nitajificha wapi. Haongei tena kwa kelele. Majirani wanalalamika hawapati habari. Mama Faili nilimbadilishia kioo cha simu, akakataa cha bure, akasema mikono ya haraka inakosea hesabu, akalipa.

Mkono bado unatetemeka. Mgongo bado. Sitawadanganya kwamba kila kitu kimepona.

Ila jana mama alidondosha mfuniko wa sufuria.

Mimi nikajikunja, nikasubiri simenti.

Baba alishika meza kwa mikono yote miwili. Jasho usoni. Akahema, akahema tena. Hakunirukia.

"Nimeshtuka, Kuruta," akasema. "Nimeshtuka sana. Njoo ukae hapa."

Nikaenda nikakaa.

Wewe unayesoma, kama una mzee nyumbani, awe askari, dereva, mwalimu, yeyote, kila ukimuuliza anasema mzima, usiridhike na hilo jibu. Mtazame mkono ulioko mfukoni. Na siku akikwambia "naumwa", usikimbilie kuuliza kwa nini hakusema mapema. Msogelee kwanza.

Mimi nilikunja kola ya mtu kumtafuta adui wa baba yangu. Adui alikuwa kiapo alichoapa akiwa na homa, na hakuna aliyemwambia aamke.