Kulabu za Kopo la Biskuti

Kila alasiri, akishatoka shule na kuvua viatu mlangoni, Crisel aliingia sebuleni kwa Tita Marivic, mama yake mdogo, ambako mashine ya kukatia ilikaa mezani karibu na dirisha. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo tu, unaweza kuibeba kwapani. Ukishachora umbo kwenye kompyuta, kijiwembe chake kilikwenda huku na huku juu ya ngozi bandia na kulikata umbo lile vilevile ulivyolichora. Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono: kubandua, kupaka rangi, kutoboa tundu na kutia kulabu. Hereni za Tita Marivic zilijulikana mji mzima wa Estancia, na waliokwenda Manila walizibeba kuwa zawadi.

Crisel alikuwa na miaka kumi na miwili, mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Mwalimu Rodolfo alipotaka hereni kwa ajili ya wanafunzi watakaocheza ngoma ya wavuvi siku ya sikukuu ya mji, Crisel ndiye aliyejibu kabla hajaulizwa.

"Nitazitengeneza mimi, Mwalimu. Kabla ya wiki kwisha utazipata!"

Tita Marivic alicheka. "Haya, fundi wangu. Lakini kesho naenda Iloilo kumwangalia mwenzangu aliyejifungua. Ukikwama?"

"Sikwami, Tita."

"Ukikwama, nipigie simu. Na sikiliza, Inday, binti yangu. Kulabu za masikio ni hizi za chuma kisichoshika kutu. Zile za kwenye kopo la biskuti ni za vishikizo vya funguo. Madini yake ya ovyo, yanachubua watu masikio. Usiziguse."

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Kazi ikaenda vizuri. Alichora samaki mwenye magamba, akakata kipande cha majaribio kwanza kama alivyofundishwa, kisha akamgeuza samaki wa pili ili wawili hao watazamane, mmoja sikio la kulia na mwenzake la kushoto. Jozi baada ya jozi zikalala mezani, za buluu na za fedha, na Crisel akajiona amekuwa fundi mkuu.

Kisha kulabu nzuri zikaisha, na hereni bado zimebaki. Crisel alipekua kila droo. Alishika simu, akaiweka. Akimpigia Tita, Tita atasema wangoje kulabu nyingine ziletwe, na Mwalimu Rodolfo atajua kwamba Crisel hakumaliza. Akalitazama kopo la biskuti. Kulabu zake ziling'aa vizuri tu, huwezi kuzitofautisha na zile nyingine. "Ni ngoma ya siku moja," alijiambia. Akazitia kwenye hereni zilizobaki, akazichanganya zote katika mfuko mmoja, akafunga.

Rafiki yake wa chanda na pete, Jonabel, alikuwa mchezaji wa mstari wa mbele. Hakutaka kungoja sikukuu. Alichopoa jozi moja mfukoni, akaivaa siku hiyohiyo na kwenda nayo kila mahali, mazoezini, dukani, kanisani.

"Rafiki yangu ndiye aliyezitengeneza," alimwambia kila aliyemkuta njiani, hata wasiouliza.

Jumapili masikio yake yakaanza kuwasha. Jumanne yalikuwa yamevimba, mekundu, yanatoa maji. Bibi yake, Lola Pacing, aliyatazama mara moja tu akatoa hukumu.

"Uduvi! Si nilimwona kwa macho yangu akila uduvi kama aliyefungiwa mwaka mzima? Kidonda na vitu vya shombo havipatani. Kuanzia leo hakuna uduvi, hakuna samaki, hakuna kuku, hakuna yai."

"Lola, nitakula nini sasa?"

"Mboga zipo."

Kunyimwa samaki Estancia, mji unaoishi kwa samaki, ni adhabu kubwa. Crisel alipokwenda kumwona rafiki yake, alimkuta mezani na wali mkavu na majani ya mlonge yaliyochemshwa. Lola Pacing akamwekea Crisel samaki mkavu wa kukaanga, maana mgeni hana kosa.

"Nimekuwa mbuzi," Jonabel alisema. "Ukisikia mtu analia *mee* huku nyuma, usishangae."

Alijaribu kucheka, akashindwa. "Mwalimu anasema wachezaji wote lazima wavae hereni, na masikio yasipopoa nitabeba bendera pembeni. Sitacheza. Mama atakuja kutoka kazini mbali huko aje kuniona nimeshika bendera." Machozi yakamdondoka kwenye wali.

"Mbona hujavua hereni?" Crisel aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ya nini nizivue? Kosa ni la uduvi. Hizi umenitengenezea wewe."

Crisel akayatazama tena masikio yale. Aliona aibu, na aliogopa pia. Angeweza kunyamaza. Bibi mwenyewe alikuwa ameshampata mkosaji, na uduvi hauwezi kujitetea. Lakini kesho yake Mwalimu Rodolfo angegawa mfuko mzima, na wachezaji wote wangezivaa hereni zile. Akasukuma sahani.

"Lola, uduvi hauna kosa. Kosa ni langu."

Akaeleza yote, kopo, simu aliyoishika akaiweka, mfuko aliouchanganya. Lola Pacing alibaki na kijiko hewani. Jonabel akasimama.

"Ulijua? Umekaa hapo unatafuna samaki mbele yangu, mimi nakula majani, na ulijua?"

"Nilijua leo, nilipoyaona masikio yako."

"Na kopo? Kopo pia ulilijua leo?"

Crisel alitikisa kichwa. Alilia, na hakuna aliyembembeleza.

Lola Pacing alizivua hereni kwa mkono wake, akawapeleka wote wawili kwenye zahanati ya mtaa. Muuguzi alisafisha masikio, akatoa dawa ya kupaka, akasema bila madini yale yangeanza kupoa, ila asivae chochote masikioni mpaka apone kabisa. Bibi aliuliza habari za uduvi mara mbili, na mara zote mbili muuguzi akajibu kwamba kwa huyu mtoto uduvi hauhusiki.

Nje ya zahanati Crisel alimpigia Tita Marivic. Tita hakufoka, na hilo lilimuumiza Crisel kuliko kufokewa.

"Unaweza kuzitambua zipi ni zipi?"

"Hapana, Tita. Nilizichanganya."

"Basi samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ng'oa kulabu zote, nzuri na mbaya. Halafu mwambie Mwalimu mwenyewe. Mimi simwambii."

Mwalimu Rodolfo alisikiliza, akakuna kichwa. "Sasa wachezaji wangu watacheza masikio matupu?"

Crisel alikuwa ameliwaza hilo njia nzima. "Mwalimu, wote wanavaa utepe kichwani. Nitawashonea samaki kwenye utepe kwa uzi, waning'inie pembeni ya masikio bila kugusa ngozi."

Alishona mpaka vidole vikachomwachomwa na sindano. Mchana wa siku ya pili Jonabel alikuja, bado amenuna, akakaa upande wa pili wa meza na kuanza kutunga uzi. "Sijakusamehe," alisema. "Ila unashona vibaya."

Siku ya sikukuu Jonabel alicheza mstari wa mbele, samaki wa buluu wakirukaruka kando ya masikio yake yaliyoanza kunywea, na mama yake akapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Baada ya ngoma walikula pamoja. Jonabel alipakua uduvi mlima mzima, akatafuna taratibu huku akimtazama Crisel usoni.

Tita Marivic, aliyekuwa amerudi asubuhi hiyo, alimvuta Crisel pembeni.

"Inday, mashine inakata unachoiambia. Haijui kulabu iliyotiwa ni ipi. Anayejua ni wewe peke yako, na mvaaji anakuamini wewe. Siku nyingine kulabu zikiisha, sema zimeisha. Neno hilo halijawahi kumchubua mtu sikio."